Nilisambaza kitabu cha shoga yangu kwa WhatsApp. Sasa nimlipeje?

MUULIZE SOMO

Kwako Somo,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa haya, na barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta.

Nina shoga yangu tuliyekuwa naye tangu madrasa, nitamwita Z. Ni mwalimu wa chekechea huko Tudor, Mombasa, na tangu tukiwa wasichana alikuwa haishi kuandika kwenye madaftari. Mwaka jana akaitoa riwaya yake mwenyewe. Wachapishaji wawili wa Nairobi walimweka miezi, mmoja hakumjibu kabisa, basi akachukua akiba yake na mkopo kidogo akachapisha nakala 300 kwa shilingi 230 kila moja. Yeye anauza 500. Ni hadithi ya msichana wa Likoni na bibi yake, na sisemi kwa kuwa ni shoga yangu, kitabu kile kilinichekesha ndani ya matatu mpaka kondakta akaniuliza kama niko sawa.

Mimi hakunitoza kitu. Alinipa bure na ndani akaniandikia maneno mazuri. Baadaye nikamwomba na ile ya kusomea kwenye simu, maana usiku macho yangu hayashiki maandishi madogo, akanitumia PDF. Somo, ile PDF nikaitupa kwenye kundi la chama chetu. Tuko wanawake 46. Nikaandika, "Jamani someni kitabu cha shoga yangu, mashaAllah!" Wallahi niliona namtangaza. Watu wakasifu, wakasambaza. Wiki ya tatu binamu yangu aliye Muscat akaniletea mimi PDF ile ile, juu yake imeandikwa imesambazwa mara nyingi, ananiambia, "Kuna kitabu kitamu cha watu wa kwenu huko, kisome." Hakujua kwamba mwandishi namjua, wala kwamba mimi ndiye niliyekianzisha safari.

Juzi nilikwenda kwao Majengo kumjulia hali mamake, nikaingia chumbani kuswali, nikakuta maboksi chini ya kitanda. Mamake akaniambia zimebaki nakala 211. Zilizotoka ni 89, na kama 30 kati ya hizo ziligawiwa tu, yangu ikiwamo. Boksi moja limeshika unyevu, vitabu vya chini vimejikunja kama papadi. Z mwenyewe hajanitamkia neno baya. Aliposikia habari ya PDF alicheka, akasema, "Ahsante kwa kunitangazia," kisha akaniuliza habari za watoto. Tangu siku hiyo hakiweki tena kitabu chake kwenye stetasi.

Mume wangu anasema ninunue nakala kumi nizigawe, yaishe. Wenzangu wa chama wanasema elimu haiuzwi na mwandishi anafurahi kusomwa. Mimi ni fundi cherehani, hela yangu ni ya msimu. Kabla ya Idi ninazo, baada ya Idi natafuta. Siwezi kununua 211. Je, nimemkosea au nimemtangaza? Na msomaji wa kawaida kama mimi anaweza kumfanyia nini mwandishi anayejichapishia mwenyewe, kitu kikaonekana?

Kuna na jambo jingine naliogopa. Kitabu kina makosa. Shangazi wa yule msichana anaitwa Mwanaisha mpaka ukurasa wa 87, halafu anakuwa Mwanajuma mpaka mwisho. Nimwambie, au nitakuwa namtia chumvi kwenye kidonda?

Mwenye Haya, Kisauni

*

Aleikum salaam, mwanangu.

Umemtangaza na umemkosea, yote mawili kwa kidole kimoja. Wewe ni fundi, basi tuzungumze kifundi. Umeshona dera, umenunua kitambaa kwa hela yako, umekesha na pindo. Aje mtu alichukue, awe na uwezo wa kutoa madera 46 mfano wake, ayagawe mtaa mzima, kisha akujie akiwa na furaha: "Fundi, nimekutangaza, kila mtu amependa mshono wako!" Utacheka, utasema ahsante, utauliza habari za watoto. Z amekujibu kama ambavyo ungejibu wewe.

Sheria nayo iko upande wake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ni ya mwandishi tangu pale anapoiandika, hata kama hajaisajili popote, na haki hiyo inabaki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kunakili na kugawa bila ruhusa yake ni kuivunja. Sikutajii haya ili usilale. Nakutajia uwe na la kuwaambia hao wa elimu haiuzwi.

Ingawa hao nao siwadharau. Wana hoja ya kale hapa Mombasa. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki karibu mwaka 1840 bila kitabu hata kimoja chenye jina lake. Mashairi yake yalikaa katika vichwa vya watu na vinywa vyao, akaja Mwalimu Sikujua akayakusanya aliyoweza, akampa mmisionari W. E. Taylor, na diwani yenyewe haikupigwa chapa mpaka mwaka 1940, miaka mia nzima. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuwaambia watu wa mji huu yaliyokuwa moyoni mwake, hakungoja mchapishaji wa ng'ambo; alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Kwa hiyo kujichapishia kwetu si ugeni, na msomaji kuibeba kazi ya mtu si ugeni pia. Lakini aliyenakili mashairi ya Muyaka alinakili kwa mkono, kwa wino alioununua, kwa taa iliyokula mafuta yake. Alitoa kitu. Kidole chako kilitoa nini? Tena Muyaka hakuwa akidaiwa na mtu wa mashine ya kuchapa.

Z anadaiwa. Hebu tupige hesabu, maana naona katika mambo haya watu huzungumza hisia na hesabu hawaigusi. Nakala 300 kwa 230 ni shilingi 69,000. Zilizouzwa, ukiondoa za bure, ni kama 59, ambazo kwa 500 ni 29,500. Bado hajarudisha 39,500, na hapo hujamlipa aliyemchorea jalada wala nauli za bodaboda. Anahitaji kuuza nakala 79 zaidi ndipo arudi pale alipokuwa kabla hajawa mwandishi, bila faida hata ya soda. Sio 211. Ni 79. Ukiangalia maboksi chini ya kitanda unaona mlima. Ukiangalia hesabu unaona ni watu 79, na wewe tayari unawajua wanawake 45.

Na lile neno, imesambazwa mara nyingi, ulilisoma kwa aibu, mimi nalisoma vingine. WhatsApp huliweka ujumbe ukishapita mikono mitano au zaidi, na ukifika hapo haukubali tena kutupwa makundi matano kwa mpigo. Lazima umtumie mmoja, urudi, umtumie mwingine. Yaani kuna watu wamejisumbua, mmoja mmoja, kukipeleka kitabu hicho mpaka Oman. Mwandishi gani hataki hivyo? Kitabu kinapendwa. Ila hela ndiyo haijarudi nyumbani, na sasa kazi yako ni kuionyesha njia.

Lakini usianze na kundi. Anza na yeye. Nenda Majengo, si kwa simu, wala usibebe keki. Mwambie maneno haya haya uliyoniandikia mimi: niliitupa kwenye kundi bila kukuuliza, nikadhani nakutangaza, sasa nimeelewa. Usimwambie "kama nilikukosea." Uliona boksi lenye unyevu kwa macho yako. Kisha nyamaza, mwache aseme, na akikasirika mwache akasirike. Hasira ya leo ni bora kuliko ile ahsante yake. Halafu muulize anataka PDF hiyo ifanyweje. Huenda akasema iachwe, huenda akasema sura ya kwanza tu iendelee kuzunguka. Kitabu ni chake, na uamuzi ni wake, usimtangulie tena.

Kuifuta huwezi. Muda wa kuwafutia watu wote ni siku mbili na ushei tu, nawe umeshaingia mwezi tangu uitume. Kwa hiyo, akikuruhusu, andika kundini kitu kama hiki:

"Dada zangu, ile PDF ya kitabu niliituma bila idhini ya mwenyewe, na kosa ni langu. Naomba tusiisambaze zaidi. Aliyeisoma akaipenda, kitabu ni shilingi 500 na namba ya Till ya mwandishi, ya kulipia kwa simu, ni hii hapa. Mimi nimelipa yangu leo."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo usiiandike kabla hujalipa. Ndiyo, ile nakala uliyopewa bure ilipie. Najua ni zawadi na zawadi hairudishwi. Hutairudisha, utanunua nyingine kwa bei kamili na ile yenye maneno yake utaiweka.

Hapa niruhusu niseme jambo linaloniwasha. Mji huu tuna ugonjwa wa bei ya ndugu. Mtu anaingia dukani ananunua shampuu bila kuuliza neno, anatoka hapo anakwenda kwa rafiki yake aliyekesha miaka mitatu na kitabu, anamwambia, "Mimi wako, nifanyie mia mbili." Au vibaya zaidi, "Nakala yangu iko wapi?" kana kwamba alikuwa mshirika kwenye mkopo. Mwandishi wa kampuni kubwa humjui, unalipa bei ya kwenye jalada. Huyu unayemjua, ambaye 230 zimetoka mfukoni mwake kabla wewe hujagusa karatasi, ndiye unayemlalia. Z aligawa nakala 30. Hizo ni shilingi 6,900 za kuchapa alizowapa watu wanaompenda. Sitaki kujua wangapi walizisoma.

Mnunulie yeye mwenyewe inapowezekana. Akikuuzia kwa mkono wake, 500 kutoa 230 anabaki na 270. Akipeleka dukani, duka litataka punguzo, mara nyingi asilimia 30 au 40. Tuseme ni 30: duka limechukua 150, mchapaji 230, Z amebaki na 120, tena kwa mali kauli, kitabu kikiuzwa ndio alipwe, na kufuatilia malipo hayo ni safari tatu za matatu.

Sisemi maduka mabaya. Mimi mwenyewe nilikuwa na meza ya vitabu Mwembe Tayari miaka 11, kwa hiyo naomba nikupe siri ya upande wa pili wa meza. Nilikuwa na daftari dogo la kijani. Mtu akiuliza kitabu nisichokuwa nacho, naandika jina lake. Akija wa pili kukiuliza, naweka alama mbele. Alama ya tatu ikiingia, jioni hiyo namtafuta mwenye kitabu, kwa kuwa watu watatu walioshuka kwenye matatu wakatembea juani kuuliza kitu ni wateja kumi waliokaa nyumbani. Sikuwahi kuagiza kitabu kwa kuombwa na mwandishi mwenyewe. Hao walikuja kila wiki na kila mmoja aliapa kwamba chake ndicho. Niliagiza kwa kuulizwa na wasomaji. Kwa hiyo ukienda mjini kununua uzi, ingia duka la vitabu, taja jina la kitabu na la mwandishi, uliza kama wanacho. Wiki ijayo aende mwenzako mmoja. Haiwagharimu hata senti.

Maktaba ni vile vile. Pale maktaba ya umma ya Mombasa, muulize mkutubi kama wanapokea kazi za waandishi wa hapa, na kama wanapokea, chama chenu mnunue nakala moja muipeleke. Utaniuliza, basi si ni kusoma bure kama PDF? Hapana. Nakala ya maktaba imelipiwa, na ni moja. Ikiwa kwako haiko kwa mwingine, anayeipenda sana akachoka kungoja hununua yake. Shule ziache kwanza. Vitabu vya kufundishia hupita kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, mlango huo ni mrefu, na mwandishi wa nakala 300 asikalie kungoja hapo.

Sasa ushauri wa mumeo. Ana nusu ya haki na nusu ya haraka. Nakala kumi zilizonunuliwa kwa majuto zitakwenda kwa watu kumi wa karibu, nawe huna hakika hata mmoja wao husoma. Kitabu cha huruma nakijua, nimekiona sana: hukaa juu ya friji, huwekewa sufuria ya moto. Kwa hela yako ya msimu nunua tatu, moja kila mwezi, na kila moja uipe jina kabla hujalipa. Hii ni ya mpwa wangu aliyemaliza shule. Hii ni ya yule mama wa chama anayecheka kwa sauti. Hii ni ya yule mzee wa kibarazani anayesoma hata karatasi iliyofungiwa viazi. Mtu akisoma akampasia neno mtu mwingine, hapo umemfanyia Z kitu. Kitabu kikubwa cha mchapishaji kina watu wa mauzo, kina gari, kina meza kwenye maonyesho. Cha Z kina wewe.

Na neno lenyewe liwe neno. "Kitabu kizuri sana, mashaAllah" halijauza kitabu tangu dunia iumbwe. Umeniambia kilikuchekesha kwenye matatu mpaka kondakta akakuuliza kama uko sawa. Mwanangu, hilo ndilo tangazo! Mimi sijui hata jina la kitabu na tayari nataka kujua kilichokuchekesha. Andika hilo kwenye stetasi yako, piga picha kitabu kikiwa juu ya cherehani yako kando ya kitambaa, weka na namba ya Till. Usipige picha kurasa tano mfululizo, utarudi kule kule. Aya moja inatosha.

Au fanyeni kama zamani. Siku chama kinapokutana, mwalikeni Z. Kahawa tungu, kashata, asome kurasa nne kwa sauti yake mwenyewe, kisha atulie mumuulize maswali. Sauti ya mwandishi inafanya kitu ambacho PDF haifanyi, na watu wa Pwani tunanunua tulichokisikia. Vitabu viwe juu ya meza, si ndani ya mkoba. Na kwa kuwa nyinyi ni chama na kukopeshana ndiyo kazi yenu, atakayeshindwa na 500 kwa mkupuo aweke 50 kwa wiki, wiki kumi, mweka hazina akusanye. Wote 46 mkinunua ni 23,000. Katika zile nakala 79 zinabaki 33 tu.

Binamu yako wa Muscat usimsahau, yeye ana thamani kuliko unavyodhani. Amesoma, amependa, na hamjui mwandishi. Mwambie ukweli kuhusu PDF. Mwambie atume bei ya kitabu kwa njia ile ile anayowatumia hela za matumizi kwao, hata kama nakala yenyewe ataichukua akija likizo. Kisha aandike maoni yake Goodreads, tovuti ya wasomaji wa vitabu, kwa jina lake, kama kitabu kimewekwa huko, na kama hakijawekwa Z akiweke. Na ikiwa siku moja Z ataliweka toleo la simu Amazon, wewe na mamake na dada zake msikimbilie kumwandikia nyota tano. Amazon hairuhusu maoni ya ndugu na marafiki wa karibu, huyafuta, na pia humtaka anayeandika awe amenunua pale vitu vya angalau dola 50 katika miezi 12. Binamu wa Muscat ndiye mtu wenyewe.

Nimebakisha Mwanaisha aliyegeuka Mwanajuma, na hili nataka nilikalie kidogo. Mwambie. Vitabu vya kampuni hupita kwa mhariri, kisha kwa msomaji wa prufu, na bado makosa hutoka. Z alikuwa mwandishi, mhariri, prufu, karani na hamali wa maboksi, peke yake, usiku, baada ya kushinda na watoto wa chekechea. Jicho la pili ndicho kitu ambacho hakuweza kukinunua, nawe unalo bure. Lakini lina adabu zake. Lisiwe kwenye stetasi, wala mbele ya chama, wala siku hiyo ya kuomba msamaha. Ukichanganya viwili hivyo atasikia kimoja tu, na si kile unachotaka. Ngoja wiki mbili. Chukua penseli, kisome kitabu upya polepole kama unavyokagua mshono kabla ya mteja kuja, andika kwenye karatasi namba ya ukurasa, mstari, na kilichokosewa. Kosa la tahajia weka. Jina lililogeuka weka. Mahali ulipochoka ukaruka, mwambie ulichoka wapi. Na mahali ulipocheka weka pia, kwa namba ya ukurasa, maana asije akapafuta kwa bahati mbaya akirekebisha. Mpe karatasi hiyo ukimwambia ni ya chapa ya pili.

Atakwambia chapa ya pili itoke wapi na zimebaki 211. Mwambie zitapungua, kisha myainue maboksi yale kutoka sakafuni leo hii hii. Mbao mbili chini, nailoni juu, yakae mbali na ukuta, na lile lililolowa lifunguliwe vitabu vipigwe upepo barazani, si juani. Vilivyojikunja vipangwe chini ya vizito wiki nzima. Ambavyo havinyooki aviuze kwa 300 na aseme wazi kwa nini. Wako wanaotaka kusoma na jalada haliwasumbui, mimi mmoja wao.

Kwa hiyo niwekee kimoja katika hivyo. Hapana, ngoja, niwekee kizima, kwa 500, na nauli ya bodaboda juu yangu. Namba yake ya Till niandikie vizuri, ile ya kwenye barua yako umeifuta ikabaki tarakimu tatu. Atie sahihi ndani, aandike jina langu peke yake, asiandike "kwa Somo na familia," maana nina binti wawili na wote wana mkono wa kuazima.